Barua ya wazi kwa wasimamizi wa sayansi na uvuvi: jicho la furu na maji ya Ziwa Victoria ni utafiti mmoja

Kwa Waziri wa Elimu, Sayansi na Teknolojia. Kwa Waziri wa Mifugo na Uvuvi. Kwa Tume ya Sayansi na Teknolojia. Na kwa Makamu Wakuu wa vyuo vikuu vya umma.

Waheshimiwa,

YAH: OMBI LA KASMA YA KUDUMU KWA UTAFITI WA BAIOLOJIA YA MAZIWA, KUANZIA MAABARANI HADI MAJINI

Nawaandikia nikiwa mhadhiri wa baiolojia katika chuo kikuu cha umma. Nafundisha jeni na nafundisha ikolojia ya maji, na kwa muda mrefu nimeona masomo haya mawili yakipangiwa bajeti, majengo na hata wizara tofauti kana kwamba hayajuani. Ombi langu ni moja: serikali itenge kasma ya kudumu, kutoka fedha za ndani, ya kuendesha utafiti wa baiolojia ya maziwa yetu bila kukatika, na kasma hiyo ibebe kwa pamoja vipimo vya ziwani na kazi ya vinasaba maabarani. Siombi jengo jipya. Naomba mafuta ya boti, vitendanishi, mafundi wa mashine, mtu wa kutunza takwimu na umeme wa uhakika wa jokofu, yaani vitu ambavyo havizinduliwi kwa kukata utepe na ambavyo, kwa sababu hiyo hiyo, huwa vya kwanza kufyekwa bajeti inapobana.

Nitaanza na samaki, maana yeye anaieleza hoja hii vizuri kuliko jedwali lolote la matumizi.

Mwaka 1985 furu mmoja wa Ghuba ya Mwanza alitangazwa kwa wanasayansi kwa jina la Haplochromis nyererei, kwa heshima ya Mwalimu Julius Nyerere. Siku hizi wataalamu wengi humwita Pundamilia nyererei. Ni samaki mdogo wa kwenye miamba, ambaye mvuvi hana sababu ya kumtofautisha na furu wengine anaowamwaga kwenye beseni moja. Dume wake ana mgongo mwekundu na mbavu za njano zenye mistari myeusi. Anaishi jirani na ndugu yake wa karibu, Pundamilia pundamilia, ambaye dume wake ana rangi ya kijivu na mapezi ya buluu. Penye maji angavu, wa buluu hukaa karibu na uso wa maji na mwekundu hushuka mita chache chini yake, na majike huchagua madume kwa rangi, kila mmoja akifuata rangi ya jamii yake.

Sasa tuingie ndani ya jicho. Kwenye retina ya samaki hawa kuna seli zenye protini ziitwazo opsini, ambazo hunasa mwanga, na mojawapo ya opsini hizo, inayotengenezwa kwa maelekezo ya jeni inayojulikana kama LWS, hushughulika na mwanga wa mawimbi marefu, yaani ule unaoelekea njano na nyekundu. Katika ziwa lenye chembe nyingi zinazoelea, mwanga wa buluu hufifia mapema, na kadiri unavyoshuka ndivyo mwanga unaobaki unavyoelekea nyekundu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 katika jarida la Nature, uliofanywa kwenye visiwa vya Mwanza na kuongozwa na Ole Seehausen, ulionyesha kwamba samaki wa kina kirefu zaidi ana toleo la jeni ya LWS linaloona vizuri zaidi upande wa nyekundu, na yule wa juu ana toleo jingine, na kwamba tofauti hiyo ya jicho inaendana na rangi ya madume na chaguo la majike. Kwa lugha nyepesi, mabadiliko machache katika herufi za jeni moja yamechangia kuwatenga samaki wawili ndani ya ziwa moja bila mlima wala mto kati yao.

Lakini watafiti wale hawakuishia kwenye jeni. Walishusha kisahani cha Secchi, ambacho ni sahani ya kawaida ya rangi nyeusi na nyeupe iliyofungwa kwenye kamba yenye alama za sentimita. Unaiteremsha kutoka ubavuni mwa boti, upande wa kivuli, mpaka isionekane tena, kisha unasoma kamba. Kwenye kisiwa cha Makobe, katika Ghuba ya Speke, sahani ilionekana hadi zaidi ya mita mbili. Kwenye kisiwa cha Luanso, ndani ya Ghuba ya Mwanza, ilipotea kwenye nusu mita hivi. Makobe kulikuwa na spishi mbili zilizotengana wazi, kwa rangi na kwa jeni. Luanso tofauti hizo hazikuwapo: samaki walikuwa wa rangi za katikati, na matoleo ya jeni ya jicho hayakugawanyika kwa kufuata rangi wala kina. Pale ambapo mwanga hubadilika ghafla mno ndani ya kimo kifupi cha maji, kinga iliyowatenga samaki hawa haipati nafasi ya kufanya kazi. Tayari mwaka 1997 Seehausen na wenzake walikuwa wameeleza katika jarida la Science kwamba penye maji machafu ya Ziwa Victoria kuna spishi chache zaidi za furu, na madume wake wamepauka.

Nimekaa kwenye mfano huu makusudi. Asingeujua mtu aliyejifungia maabarani na mashine ya vinasaba peke yake, kwa sababu herufi za jeni hazisemi maji yana uangavu gani. Asingeujua pia mtu mwenye boti na kisahani peke yake, kwa sababu kisahani hakifiki kwenye retina. Na chanzo cha ukungu ule majini kinajulikana: fosforasi na naitrojeni kutoka mashambani, kwenye mito inayokokota udongo, na kwenye maji taka ya miji, ambavyo hulisha mwani hadi maji yakawa kijani. Hivyo mkulima anayelima hadi ukingoni mwa mto na mhandisi wa maji taka wa jiji wana mkono wao katika kuunganika kwa spishi mbili, moja ikiwa na jina la Baba wa Taifa. Hakuna kitengo hata kimoja serikalini ambacho leo kinaweza kuufuatilia mnyororo huo wote kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Samaki huyu ana heshima nyingine ambayo wananchi wengi hawajaisikia. Mwaka 2014 jarida la Nature lilichapisha jenomu za samaki watano wa Afrika wa jamii ya furu na sato, na Pundamilia nyererei alikuwa mmoja wao. Mpangilio wake wa vinasaba unaweza kufunguliwa na mwanafunzi yeyote duniani mwenye intaneti. Ila kazi ya kuusoma ilifanyika nje, kama ilivyofanyika nje sehemu kubwa ya kazi ya maabara kuhusu maziwa yetu. Vielelezo vya furu waliokusanywa Mwanza kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970 na timu ya watafiti kutoka Chuo Kikuu cha Leiden, wakishirikiana baadaye na Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania, TAFIRI, viko Uholanzi. Wapo ndani ya chupa za spiriti samaki ambao hawajaonekana tena ziwani tangu sangara, aliyepandikizwa katika miaka ya 1950 na 1960, alipofumuka katika miaka ya 1980 na kuwameza. Makadirio yanayotajwa mara nyingi ni kwamba spishi zipatazo 200 kati ya zaidi ya 500 zilitoweka. Mwanafunzi wetu anayetaka kujua furu wa Mwanza walikuwaje kabla ya sangara anahitaji viza.

Sisemi hayo kwa kuwalaumu wageni. Bila timu ile tusingekuwa na chochote cha kulinganisha, na watafiti hao wamefunza Watanzania wengi. Pia ni wao, pamoja na wenzetu wa TAFIRI, walioonyesha kwamba baadhi ya furu waliorejea katika Ghuba ya Mwanza baada ya sangara kuvuliwa kwa wingi wamekuja na maumbile tofauti na yale ya wazee wao wa miaka ya 1970: mmoja wao, Haplochromis pyrrhocephalus, ana matamvua makubwa zaidi, jambo linaloingia akilini kwa maji yaliyopungukiwa oksijeni. Mageuzi hayo yametokea katika miongo michache, mbele ya macho yetu. Lawama yangu naielekeza kwetu, tulioridhika kuwa wabeba maboksi ya sampuli na wasaini wa vibali katika utafiti wa maji yetu wenyewe.

Niruhusuni nieleze jinsi kazi inavyokwama, kwa sababu nahofia kwamba ripoti zinazofika mezani kwenu husema tu «upungufu wa vifaa», na maneno hayo hayasemi kitu.

Tuseme mwanafunzi wa uzamili anataka kutambua samaki waliopo katika ghuba kwa kutumia vinasaba vinavyoelea majini. Mbinu hii si ngeni tena: unachota lita moja ya maji, unaipitisha kwenye chujio lenye matundu madogo mno, unalihifadhi chujio kwenye spiriti au kwenye baridi kali, kisha maabarani unatoa vinasaba vilivyoachwa na magamba, ute na vinyesi vya samaki na kuvilinganisha na maktaba ya vinasaba vinavyojulikana. Kuchota maji ni rahisi. Kinachofuata ndicho chenye miiba. Vimeng'enya vya kunakilisha vinasaba huagizwa nje na hutakiwa kukaa nyuzi 20 chini ya sifuri hadi siku ya kutumika. Husafirishwa ndani ya boksi la povu lenye barafu kavu, ambayo huyeyuka kuwa hewa bila kuacha hata tone la maji. Shehena yetu moja ilifika kiwanja cha ndege mwishoni mwa juma ikiwa na karatasi zote isipokuwa barua moja, ambayo ilitakiwa na mamlaka moja na kutotambuliwa na nyingine. Boksi lilipotufikia lilikuwa jepesi. Tulifungua tukakuta mirija imefikia joto la chumba, na tulipojaribu kutumia vimeng'enya vilivyomo, picha ya jeli ya kuonyesha vinasaba ilitoka nyeusi tupu, pasipo hata mstari mmoja unaong'aa. Mwanafunzi alibadilisha mada ya tasnifu yake, akaandika kuhusu mitazamo ya wavuvi kwa kutumia dodoso. Ni mada halali, na aliiandika vizuri. Lakini nchi imepoteza mtu aliyekuwa amejifunza kusoma maji kwa vinasaba.

Maktaba ya vinasaba niliyoitaja nayo ni tatizo lake. Chujio linaweza kukuambia kuna furu. Haliwezi kukuambia ni furu gani ikiwa spishi hiyo haijawahi kusomwa. Furu wa Ziwa Victoria wametengana juzi tu kwa kipimo cha kijiolojia, kwa kuwa ziwa lilikauka na kujaa upya takriban miaka 15,000 iliyopita, kwa hiyo kipande kimoja cha jeni ambacho kingetosha kuwatofautisha kambare na ningu hakitoshi kutofautisha furu na furu. Panahitajika kusoma jenomu nzima za samaki wengi, waliotambuliwa kwanza na mtu anayejua maumbo yao, meno na mifupa ya taya. Mtaalamu wa aina hiyo hutengenezwa kwa miaka mingi, na wanaobaki nchini ni wachache kuliko mashine tulizonazo. Tukisubiri wastaafu, hakuna ruzuku itakayowarudisha.

Kuhusu mashine, zipo. Kuna vyuo vyenye mashine za kisasa zilizokuja na miradi, zikaendeshwa wakati wa mradi, na ambazo leo zimefunikwa kitambaa kwa sababu mkataba wa matengenezo uliisha siku mradi ulipoisha. Jokofu la nyuzi 80 chini ya sifuri hulipwa umeme na chuo, na chuo hukata gharama pale kinapoweza. Umeme ukikatika usiku na jenereta isiwake, sampuli za miaka mitano huharibika kabla ya asubuhi na hakuna anayeandikiwa barua ya kujieleza, kwa sababu hakuna aliyekuwa amepewa jukumu hilo kwa maandishi. Mradi wa Elimu ya Juu kwa Mageuzi ya Kiuchumi, HEET, kwa mkopo wa dola milioni 425 kutoka Benki ya Dunia, unajenga maabara na kumbi katika vyuo vingi, na naushukuru kwa dhati. Swali langu kwa Makamu Wakuu ni moja: nani ameweka kwenye bajeti ya chuo gharama za kuziendesha maabara hizo mwaka wa tatu baada ya kukabidhiwa?

Upande wa majini, hasara kubwa zaidi ni kukatika kwa mfululizo wa vipimo. Mwaka 2003 jarida la Nature lilichapisha utafiti kuhusu Ziwa Tanganyika ulioonyesha kwamba joto la maji limepanda, tabaka la juu na la chini yanachanganyika kwa shida zaidi, na kwa hiyo rutuba ya kilindini haipandi kama zamani kulisha mimea midogo ya juu. Watafiti walikadiria kwamba uzalishaji huo wa msingi umeshuka kwa kiasi cha asilimia 20, jambo ambalo lingeweza kumaanisha kupungua kwa samaki kwa kiasi cha asilimia 30. Hoja hiyo nzima iliwezekana kwa sababu kuna mtu alishusha kipimajoto katika ziwa hilo mwaka 1913 na akatunza namba zake. Je, namba zetu za mwaka huu atazikuta nani? Nyingi zipo kwenye kompyuta za watafiti binafsi, katika ripoti za miradi ambazo tovuti zake zimefungwa, au kwenye madaftari yaliyolowana.

Mtaniuliza faida yake kwa mvuvi na kwa Hazina. Mifano ipo.

Kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, Ziwa Tanganyika lilipumzishwa uvuvi kwa miezi mitatu, kwa mujibu wa makubaliano ya nchi nne zinazolizunguka. Wananchi wa Kigoma, Katavi na Rukwa walibeba mzigo wa uamuzi huo mifukoni mwao. Je, dagaa waliongezeka kwa sababu ya mapumziko hayo, au kwa sababu upepo wa msimu ulivuma kwa nguvu na kupandisha rutuba? Bila vipimo vya kabla, vya wakati ule na vya baada, vilivyochukuliwa mahali pale pale kwa njia ile ile, jibu litakuwa kauli ya mwanasiasa dhidi ya malalamiko ya mvuvi. Na hapa vinasaba vina la kusema pia. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 kuhusu dagaa wa Tanganyika, Stolothrissa tanganicae, haukukuta mgawanyiko wa kijenetiki kati ya dagaa wa kaskazini na wa kusini mwa ziwa lenye urefu wa zaidi ya kilomita 600. Maana yake kwa wasimamizi ni nzito: hakuna dagaa wa Tanzania, wa Kongo, wa Burundi wala wa Zambia, ni jamii moja inayozunguka, na nchi moja ikipumzisha peke yake inawapumzishia majirani. Hoja ya namna hiyo mwakilishi wetu anapaswa kuingia nayo kikaoni akiwa na takwimu zilizotoka kwenye maabara yake.

Mfano wa pili ni vizimba. Serikali imetoa mikopo ya vizimba kwa vijana na vikundi kando ya Ziwa Victoria, na sato wanaofugwa humo ni Oreochromis niloticus, ambaye si mwenyeji wa ziwa hili. Sato wetu wa asili, Oreochromis esculentus, aliyekuwa tegemeo la uvuvi wa nyavu mwanzoni mwa karne iliyopita, amebaki zaidi katika maziwa madogo na mabwawa ya pembeni. Hawa wawili huzaa machotara, na chotara wa vizazi kadhaa hatambuliki kwa macho. Anahitaji kipimo cha vinasaba. Tunapeleka vifaranga mabwawani kila mwaka bila kujua tunachanganya nini na nini. Vilevile, maji ya chini yasiyo na oksijeni yanapoinuliwa na upepo, samaki wa kizimbani hawana pa kukimbilia, na mkopo wa kikundi huelea juu asubuhi matumbo yakiwa yametazama jua. Kipima oksijeni kinachosoma saa zote kingetoa onyo. Mashamba ya vizimba yanakopeshwa. Kifaa cha kuyalinda hakimo kwenye mkopo.

La tatu nitaligusa tu: sianobakteria, wale wanaoyafanya maji kuwa na utando wa kijani wakati wa utulivu, baadhi yao hubeba jeni za kutengeneza sumu inayodhuru ini, na baadhi ya ndugu zao wanaofanana nao kwa darubini hawazibebi. Kutofautisha makundi hayo kwa kupima jeni ni kazi ya saa chache kwa maabara inayofanya kazi, nasi tunakunywa maji ya ziwa hili mijini na vijijini.

Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulipozuia minofu ya sangara kutoka Ziwa Victoria kwa hofu ya sumu iliyodaiwa kutumika kuvulia, nchi ilishughulika usiku na mchana. Leo maabara ya uthibiti ubora wa samaki ya Nyegezi hupima minofu ili mlaji wa mbali awe salama, na huo ni uthibitisho kwamba tunaweza kuendesha maabara ya viwango vya kimataifa kando ya ziwa tunapoamua. Mteja alipotaka kujua hali ya samaki, tulipata fedha. Ziwa lenyewe halina ofisi Brussels ya kututishia.

Kwa hiyo naomba mambo haya yatekelezwe kwa pamoja, maana yakigawanywa hayatafanya kazi. Wizara ya Fedha, kwa maombi ya wizara zenu mbili, ifungue kasma moja ya kudumu kwa ajili ya vituo vya vipimo katika Victoria, Tanganyika na Nyasa, vinavyoendeshwa kwa ubia kati ya TAFIRI na vyuo vikuu, ambapo kila sampuli ya maji inayopimwa joto, oksijeni, uangavu na rutuba huchujwa siku hiyo hiyo na chujio lake kuhifadhiwa kwa ajili ya vinasaba, hata kama fedha za kulisoma hazijapatikana. Chujio lililohifadhiwa vizuri linaweza kusomwa miaka 20 baadaye. Maji ambayo hayakuchotwa hayawezi. Tume ya Sayansi na Teknolojia, ambayo tayari hutoa vibali vya utafiti, iongeze sharti kwamba sehemu ya kila sampuli, pamoja na nakala ya kila mfuatano wa vinasaba na kila namba iliyopimwa, ibaki katika hifadhi ya taifa yenye jokofu la uhakika na mtunzaji mwenye mshahara. Itifaki ya Nagoya ya mwaka 2010, mkataba wa kimataifa kuhusu kugawana faida za rasilimali za kijenetiki, inatupa msingi wa kudai haki hiyo, lakini hatuwezi kudai sampuli zibaki ilhali hatuna pa kuziweka. Vitendanishi vya utafiti vinavyohitaji baridi vipewe njia moja ya kutolewa ndani ya saa 24, kwa kibali kilichotolewa kabla shehena haijaruka.

Kwenu Makamu Wakuu nina neno la pembeni, ambalo huenda likaniponza. Vigezo vya kupandishwa vyeo humhesabia mhadhiri makala, na mtu aliyetumia miaka kumi kupima maji ya ghuba moja bila kukosa mwezi hupata alama chache kuliko aliyeandika makala nne kutokana na ukurasa mmoja wa takwimu za mwenzake. Mkibadilisha kifungu hicho tu, ili seti ya takwimu iliyotunzwa na kuwekwa wazi ihesabiwe kama chapisho, mtaona vijana wakirudi kwenye boti. Na idara za baiolojia ya molekuli na sayansi za majini zipewe wanafunzi wa pamoja, wenye wasimamizi wawili, mmoja kutoka kila upande. Haihitaji hata senti.

Najua jibu la kawaida ni kwamba fedha hazitoshi. Viongozi wa Umoja wa Afrika walikubaliana zamani kwamba kila nchi itumie walau asilimia moja ya pato lake kwa utafiti na maendeleo, na bado tuko mbali na hapo. Sidai asilimia hiyo yote iende majini. Nadai kwamba nchi yenye karibu nusu ya Ziwa Victoria, sehemu kubwa ya ufuo wa Tanganyika, ziwa lenye kina cha mita 1,470 na karibu asilimia 17 ya maji baridi yote ya juu ya ardhi yasiyoganda, na sehemu ya Nyasa, isisubiri mradi wa mfadhili ndipo ijue joto la maji yake.

Naomba majibu ya maandishi kutoka kwa kila ofisi niliyoiandikia, yakieleza ni kifungu gani cha bajeti kinachoweza kubeba vituo hivi na ni afisa gani atakayewajibika navyo, kabla makadirio ya mwaka ujao wa fedha hayajapelekwa kwenye kamati za Bunge. Mimi na wenzangu tuko tayari kuleta mchanganuo wa gharama kwa kila kituo, mstari kwa mstari, siku yoyote tutakayoitwa.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mhadhiri wa baiolojia, chuo kikuu cha umma